Namna ya Kumpata Mgombea wa Muungano Bila Kumwokota Njiani

Ukifika Mwigobero, Musoma, asubuhi kabla jua halijakomaa, utawakuta akina mama wanaonunua samaki wa kukaanga. Hakuna hata mmoja anayemnunua sato kwa kumtazama mkia. Mama anamwinua, anafunua shavu, anaangalia kama matamvua bado ni mekundu, anabonyeza tumbo kwa kidole gumba, ananusa, anarudisha, anachukua mwingine. Muuzaji aape anavyotaka kwamba samaki ametoka ziwani sasa hivi. Mama atabonyeza tu. Halafu mwaka wa uchaguzi unafika, na mama huyuhuyu anakabidhiwa mgombea urais aliyekwisha kufungwa kwenye gazeti, na anaambiwa asifungue mpaka afike nyumbani.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake. Unahusu kazi moja: vyama viwili, vitatu au vinne vimeamua kuungana, vinataka mgombea mmoja wa urais, na mgombea huyo apatikane kwa kura za maoni, si kwa kikao cha usiku. Watu wa Mara tunasifika kwa kusema ukweli bila kuupaka mafuta, kwa hiyo wanasiasa watakaojiona humu wasinune.

Na mkoa wetu una haki ya kuandika mwongozo wa namna hii. UKAWA, muungano mkubwa kuliko yote iliyowahi kujaribiwa na upinzani Tanzania Bara, ulizaliwa mwaka 2014 ndani ya Bunge Maalumu la Katiba, ukiitetea rasimu iliyoandaliwa na tume ya Jaji Joseph Warioba, na Jaji Warioba ni mtu wa Bunda. Mwaka 1995, hukohuko Bunda, Stephen Wasira aliihama CCM, akasimama kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi na kumshinda Warioba huyohuyo wa CCM, kisha mahakama ikautengua ushindi. Mwaka 2015 Wasira, akiwa amerudi CCM zamani, aliomba kuteuliwa kugombea urais, jina likakatwa. Akageukia jimbo la Bunda Mjini, akashindwa na Ester Bulaya wa CHADEMA, ambaye wiki chache tu kabla ya kampeni alikuwa CCM. Na Januari 2025 Wasira akawa Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara, siku hizohizo ambazo John Heche wa Tarime alichaguliwa Makamu Mwenyekiti wa CHADEMA Bara. Mtu akikuambia siasa za vyama ziko Dodoma na Dar es Salaam peke yake, mpandishe basi la Musoma, mshushe Bunda.

Sasa kazi ianze.

Vifaa vinavyohitajika: orodha moja ya wanachama wa vyama vyote vilivyoungana, iliyobandikwa ukutani, kalamu za kutosha, ndoo nyeupe zinazopitisha mwanga, zenye mifuniko, ubao mweusi na chaki, na kalenda. Kalenda ndiyo kifaa kinachosahaulika kuliko vyote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Tazama kalenda ya 2015. Tarehe 12 Julai, CCM inamtangaza John Magufuli Dodoma. Tarehe 28 Julai, siku 16 baadaye, Edward Lowassa, aliyekatwa jina na CCM, anajiunga na CHADEMA. Tarehe 4 Agosti mkutano mkuu wa CHADEMA, Mlimani City, unampitisha kuwa mgombea, na UKAWA nzima inakuwa nyuma yake. Tarehe 6 Agosti Profesa Ibrahim Lipumba, mmoja wa wenyeviti wenza wa UKAWA, anajiuzulu uenyekiti wa CUF. Tarehe 1 Septemba Dkt. Willibrod Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA na mgombea wake wa mwaka 2010, anatangaza kuachana na siasa za vyama. Muungano uliokuwa na zaidi ya mwaka mzima wa kujiandaa ulimpata mgombea wake ndani ya wiki moja, na kabla kampeni hazijakolea ulikuwa umepoteza watu wawili ambao wengi wetu tulidhani mmoja wao ndiye angesimama. Mtaani waliita kubadili gia angani. Wenye mabasi ya Musoma hadi Mwanza wanajua gia hubadilishwa gari likiwa chini, dereva akiwa ameona mlima tangu mbali.

Sisemi Lowassa hakuwa mgombea mwenye nguvu. Alipata kura 6,072,848, karibu asilimia 40, na hakuna mpinzani aliyewahi kuzifikia kabla yake. Watu walijaa viwanjani mpaka likazaliwa neno la mafuriko. Ninachosema ni kwamba mwanachama wa Nyasho au wa Kiabakari hakuulizwa. Alikuwa amesimama juani Septemba 2007, au amesimuliwa baadaye, jinsi Dkt. Slaa alivyosoma pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, orodha ya watu aliowaita mafisadi, Lowassa akiwemo. Miaka minane alitembea na orodha hiyo kichwani, akibishana na shemeji zake wa CCM. Halafu asubuhi moja akaambiwa aifute. Pengine angekubali kuifuta, maana watu hubadilika, na tuhuma si hukumu. Lakini angeulizwa! Angepiga kura, angeshindwa au kushinda, na siku ya pili angeweza kumwambia shemeji yake: tulihesabu, yakatoka haya. Badala yake alibaki na methali tu, ile ya mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni alikuja kweli. Machi 2019 akarudi kwao CCM, na mwenyeji akabaki na kidonda chake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza: panga tarehe ya kura za maoni mapema, miezi sita kabla ya siku ya kurudisha fomu Tume ya Uchaguzi, na iandike tarehe hiyo katika mkataba wa muungano. Weka pia tarehe ya mwisho ya kujiunga. Mtu anayetaka kugombea kwa jina la muungano awe mwanachama wa chama kimojawapo kabla ya siku hiyo. Akichelewa, mkaribishe kwa furaha, mpe kiti, mpe chai, mpe kazi ya kampeni Majita au Nyamuswa. Nafasi ya kugombea isubiri awamu nyingine. Hapa wenye haraka watakwambia unawafukuza vigogo. Wajibu kwamba kigogo anayetaka kuja kwa dhati atakuja Januari, wala hatangoja akatwe jina Julai.

Hatua ya pili ndiyo ngumu, na vyama vingi huikimbia: nani anapiga kura? Mkiwa vyama vinne, kimoja kimeenea Bara nzima, cha pili kina mizizi Pemba na Unguja, cha tatu kina majimbo machache na cha nne kina mwenyekiti na ofisi, mnagawanaje sauti? UKAWA ilikuwa hivyo hasa: CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD. Mkigawana sawa kwa sawa, chama kidogo kinakuwa na sauti ya chama kikubwa, na wenye watu watanung'unika. Mkigawana kwa kura za uchaguzi uliopita, chama kimoja kinawameza wengine, na kura za maoni zinakuwa sherehe yake binafsi. Nimeyasikia mabishano haya barazani Makoko mpaka chai ikapoa, na nimefikia jibu moja: usigawe kwa vyama kabisa. Gawa kwa watu. Orodha moja, mwanachama mmoja, kura moja, awe ametoka chama chochote. Kisha weka sharti la kulinda Zanzibar, kwamba mshindi lazima apate sehemu fulani ya kura za Unguja na Pemba, ili asije mtu akashinda kwa Kanda ya Ziwa tupu. Sharti hilo liandikwe kabla majina ya wagombea hayajajulikana, kwa sababu likiandikwa baadaye kila mtu atalipima kwa mguu wake.

Orodha yenyewe ibandikwe. Bunda ibandikwe karibu na stendi, Butiama ibandikwe senta, Musoma ibandikwe kila kata. Mtu asome jina lake, asome na la jirani yake. Marehemu watajulikana hapohapo, maana huku kwetu tunazikana na tunafahamiana. Niliwahi kusimamia hesabu ya kura za maoni katika kata moja ya mkoa huu, chama sikitaji. Tulipomaliza kuhesabu, kura zilikuwa nyingi kuliko wajumbe waliokuwa wamekaa mbele yetu. Mzee mmoja akainuka akaomba wale wapiga kura wa ziada wasimame awasalimie. Ukumbi ulicheka, mimi nililia usiku ule, kwa sababu matokeo yalipelekwa hivyohivyo na hakuna aliyeuliza tena.

Kuhusu wajumbe pia ni lazima tuseme. Baada ya kura za maoni za CCM za Julai 2020, nchi nzima iliimba kwamba wajumbe si watu. Watia nia waliokuwa wameahidiwa kura na nusu ya ukumbi walisikia majina yao yakisomwa na sifuri mbele yake, kwa sababu safari ile kura zilihesabiwa hadharani. Nilisikitika na vicheko vile. Mjumbe aliyechukua pesa ya kila mtu akampigia amtakaye amefanya kosa la kuchukua, lakini kumpigia amtakaye ndiyo kazi aliyotumwa. Tatizo ni udogo wa kundi. Wajumbe mia nne unaweza kuwanunulia chakula, usafiri na vitenge, na ukabaki na pesa ya kulala hoteli. Wanachama elfu arobaini wa Mara huwezi, hata ukiuza nyumba. Ukitaka kuua rushwa katika kura za maoni, panua mlango mpaka mwenye pesa achoke. Sheria peke yake haitoshi: tulikuwa na takrima, ambayo sheria ilimruhusu mgombea aitoe kwa jina la ukarimu, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006, lakini pilau haikukoma, ilihamia tu uani.

Waitalia walikwenda mbali zaidi. Tarehe 16 Oktoba 2005 muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto kule Italia uliwaita wananchi wote wanaouunga mkono waje kumchagua kiongozi wao wa kwenda uchaguzi mkuu. Walijitokeza zaidi ya watu milioni nne, wakapiga kura kwenye vibanda na ofisi za mitaa, na kila mmoja alichangia angalau yuro moja ili apige kura. Mpiga kura ndiye aliyetoa pesa! Romano Prodi alipata karibu robo tatu ya kura, na mwaka uliofuata akashinda uchaguzi mkuu kwa tofauti ndogo sana. Ningependa kuiona ndoo ya mchango pale Bunda, mama muuza dagaa anatia mia tano yake na kupewa karatasi ya kura. Mia tano hiyo ingempa haki ya kumfokea mgombea mpaka mwisho wa kampeni.

Hatua ya tatu: raundi mbili. Wengi huona raundi ya pili ni kupoteza muda. Wakumbushe Julai 1995, mkutano mkuu wa CCM Dodoma, wakati Mwalimu Nyerere wa Butiama bado yu hai na neno lake lina uzito. Raundi ya kwanza Jakaya Kikwete alipata kura 534, Benjamin Mkapa 459, Cleopa Msuya 336. Ingeishia hapo, Kikwete angekuwa mgombea kwa asilimia 40, na sita katika kila kumi wakiwa wamemchagua mwingine. Wakarudia, wawili tu. Mkapa akapata 686, Kikwete 639. Yaani wa Msuya walipolazimika kuchagua tena, Mkapa aliongeza kura 227 na Kikwete 105. Kikwete akasubiri miaka kumi, akarudi 2005, akapita raundi ya kwanza kwa kura 1,072 dhidi ya 476 za Dkt. Salim Ahmed Salim na 122 za Profesa Mark Mwandosya. Chama chenye umri na nidhamu ya CCM kilihitaji raundi mbili kumaliza ubishi wa watu wa nyumba moja. Muungano wa vyama vinne vyenye bendera nne utazihitaji zaidi.

Na kwa nini muungano uhangaike na mgombea mmoja? Kwa sababu tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, anayetangazwa rais ni aliyewazidi wenzake kwa kura. Si lazima afike nusu. Wapinzani wawili wenye asilimia 30 kila mmoja wanampisha wa asilimia 40 huku wakitazamana. Hesabu hii mtoto wa darasa la nne Butiama anaimaliza kwa vidole.

Hatua ya nne ni fomu, na sitaikalia sana. Mwaka 2015 mtia nia wa CCM alitakiwa kupata wadhamini 450 kutoka mikoa 15, Zanzibar ikiwemo. Utaratibu huo ni mzuri, ukopeni bila aibu. Waliochukua fomu walikuwa 42, kila mmoja na sherehe yake ya kutangaza nia, na Makongoro Nyerere alifanyia yake nyumbani kwao Butiama, mwanzoni mwa Juni, mahali alipozikwa baba yake. Mimi nilipenda kuona watu wanatangaza nia mchana, wakiulizwa maswali. Kilichoniuma ni kwamba kutoka 42 mpaka watano kazi ilifanywa chumbani, na wanachama waliosaini udhamini hawakupata kujua ni kwa kipimo gani. Basi muungano ukitaka kukata jina, ulikate kwa sababu iliyoandikwa, isomwe kwa sauti, na aliyekatwa apewe nafasi ya kujibu. Midahalo ifanyike mitatu: mmoja Musoma kuhusu ziwa, uvuvi na bei ya nyavu, mmoja Bunda kuhusu tembo wanaotoka hifadhini na kumaliza mahindi ya watu, mmoja Butiama kuhusu chochote wazee watakachouliza, na wagombea wakae kwenye viti vya kawaida.

Hatua ya tano, sheria. Mwaka 2015 karatasi ya kura haikuwa na nafasi ya muungano. Ilikuwa na vyama. Mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilimpa ushindi Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu jambo hilo tarehe 14 Juni 2013. Ndiyo maana Juma Duni Haji ilimbidi aiache CUF na kuingia CHADEMA ili awe mgombea mwenza wa Lowassa. Mzee wa watu alibadili kadi kwa sababu ya karatasi. Na mwaka 2020 ACT-Wazalendo ilikuwa na Bernard Membe kwenye karatasi huku kiongozi wa chama, Zitto Kabwe, akiwaomba watu wampigie Tundu Lissu wa CHADEMA. Mpiga kura wa kijijini afanyeje hapo? Kwa hiyo mkataba wa muungano useme tangu mwanzo: mshindi wa kura za maoni atasimama kwa tiketi ya chama gani, mwenza wake atatoka wapi, ruzuku itakayopatikana kwa kura hizo itagawanywaje. Hilo la ruzuku msiliache mwisho. Ndoa nyingi za vyama zimevunjikia kwenye ruzuku huku magazeti yakiandika itikadi.

Nitakuwa mwongo nikisema kura za maoni zinaleta ushindi. Vyama sita vya upinzani vya Hungaria viliendesha kura nzuri mwaka 2021, raundi mbili, watu wakapanga foleni, Péter Márki-Zay akashinda. Aprili 2022 wakapigwa vibaya kwenye uchaguzi mkuu. Na Kenya mwaka 2002 muungano wa NARC ulishinda kwa asilimia 62 bila kura yoyote ya maoni: Raila Odinga alisimama Uhuru Park akasema Kibaki tosha, umati ukaitikia. Huo ni mfano mtamu na watu wa Mara, majirani wa Kenya, tunaupenda. Ila tuukumbuke mpaka mwisho wake. Makubaliano ya mezani kati ya wakubwa wale yalizua ugomvi wa kugawana vyeo kabla mwaka haujaisha, na mwananchi aliyeitikia pale uwanjani hakuwa na karatasi ya kuonyesha alikubali nini.

Hatua ya mwisho, siku ya kuhesabu. Ndoo ifunguliwe mbele ya watu. Kila kura isomwe kwa sauti na ionyeshwe, na msichana wa kidato cha nne mwenye mwandiko mzuri achore vijiti kwenye ubao. Wazee wakae mbele kwa sababu ya macho. Wakala wa kila mgombea asaini, akikataa aandike kwa nini. Matokeo ya kituo yabandikwe ukutani hapohapo kabla simu ya kwanza haijapigwa kwenda makao makuu, na yeyote apige picha.

Kisha aliyeshindwa ndiye azungumze kwanza. Asimame, amshike mkono mwenzake, ataje idadi ya kura alizopata yeye na alizopata mshindi, kwa mdomo wake mwenyewe, hadharani. Awe amesaini mapema kwamba akishindwa hatahama chama mpaka uchaguzi mkuu uishe. Mshindi ajibu kwa kutaja mambo mawili aliyoyasikia kwa mpinzani wake ambayo ameyachukua.

Baada ya hapo watu watawanyike kwenda kula. Sato wa kukaanga wapo Mwigobero, ugali wa muhogo upo, na kila mtu, mgombea akiwemo, ajilipie sahani yake.